Kishikwambi, mtihani wa kila Ijumaa na kosa la mtoto

Swali: "Assalaam aleikum Mwalimu. Mwanangu wa kike yuko Gredi ya 5 katika shule ya kibinafsi huku Mtopanga. Muhula huu tumeambiwa kila mzazi anunue kishikwambi cha shilingi 15,000 kupitia shule, na watoto wafanye mtihani kila Ijumaa ili waizoee KPSEA, ile tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6. Karatasi zarudi na alama na maneno mawili, 'anakaribia matarajio', basi. Babake asema haya ndiyo maendeleo. Mimi naona mtoto amechoka na hesabu bado hajui. Wewe uliyeongoza shule, ungekuwa mimi ungelipa? Au nimhamishe?"

Jibu: Waaleikum salaam, dadangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishika si kishikwambi wala Ijumaa. Ni lile neno lako "basi". Karatasi yarudi na alama, basi. Nimefundisha miaka 31, na 12 kati ya hiyo nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya umma upande wa Likoni. Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kuhusu shule yoyote ile, ningeuliza hivi: mtoto akikosea leo, kosa lake huenda wapi?

Nikueleze kwa kisa. Siku moja mwalimu wa hesabu wa Gredi ya 5 aliugua, nikaingia darasani kumshikia kipindi. Nikakuta wasichana watatu wa dawati moja wameandika kwamba nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano: 1/2 + 1/3 = 2/5. Wamejumlisha za juu kwa za juu, za chini kwa za chini. Hakuna mwalimu wa hesabu asiyelijua kosa hilo. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, lakini kabla sijaitumia nilimwuliza mmoja wao, "Umefikaje hapa?" Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Mwalimu, si ndivyo mnavyofanya kwenye ripoti? Nikipata 12 kati ya 20, kisha 15 kati ya 30, mwaniandikia 27 kati ya 50."

Nilisimama pale sina la kusema. Mtoto yule hakuwa mzito wa akili wala mvivu. Alikuwa amejifunza kujumlisha sehemu kutoka kwa karatasi zetu wenyewe za alama! Tena kwa alama hesabu yake ni sahihi, maana pale tunahesabu maswali yaliyopatwa kati ya maswali yaliyoulizwa, na kila karatasi ina maswali yake. Ila nusu na theluthi ni za mkate mmoja. Basi nikachora mkate wa sinia ubaoni. Nusu kala kaka mkubwa, theluthi kala mdogo wake. Walichokula wote wawili ni zaidi ya nusu ya mkate, au ni pungufu? "Zaidi!" darasa zima. Na mbili ya tano, ni zaidi ya nusu? Pakawa kimya. Halafu yule wa katikati akajishika mdomo: "Tumeongeza, kikapungua." Hapo ndipo tukaukata mkate vipande sita, nusu ikawa vitatu, theluthi viwili, jumla vitano vya sita. Kipindi kizima kiliisha kwa hesabu moja, na sijutii hata dakika yake.

Sasa litie kosa lile lile ndani ya mtihani wenu wa Ijumaa. Litapata sifuri, sifuri itaingia kwenye jumla, jumla itageuka "anakaribia matarajio", na Jumatatu darasa litafungua ukurasa mpya. Kosa limezikwa likiwa hai, na litafufuka Gredi ya 7 kwenye aljebra, mwalimu wa huko asijue limetoka wapi.

Usinielewe vibaya. Mimi simo miongoni mwa wanaotaka mitihani ifutwe. Kumtaka mtoto akumbuke jambo bila kutazama kitabu ni katika njia bora kabisa za kumfundisha. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio lao kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma habari fulani mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: wao walikumbuka asilimia 40, na wale waliojikumbusha wakakumbuka asilimia 61.

Na sisi watu wa pwani hatukuhitaji kusubiri mwaka 2006. Mwanao akitoka shule alasiri, bila shaka huenda chuoni, nasema chuo cha Kurani. Mtazame pale mbele ya ustadhi. Anasoma sura aliyoihifadhi, msahafu umefungwa. Akiteleza harakati moja, yaani irabu moja tu, ustadhi humkatiza papo hapo, humrudisha nyuma aya moja, naye hurudia mpaka ulimi ushike. Kesho humsikiliza tena sura ya leo na ya juzi. Huo ni mtihani, tena wa kila siku, na mgumu kuliko wa Ijumaa yenu. Lakini hauna alama, haupangi nani wa kwanza nani wa mwisho, na kosa halilali usiku mmoja bila kurekebishwa. Ningependa sana walimu wetu wa hesabu wapite chuoni jioni moja wakaangalie tu.

Tofauti ya kurekebisha na kupiga alama ni kubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mtafiti aitwaye Ruth Butler alichapisha mwaka 1988 uchunguzi wake kwa watoto wa darasa la 5 na la 6, rika la mwanao. Wengine walirudishiwa kazi ikiwa na alama peke yake, wengine maelezo peke yake, wengine alama na maelezo pamoja. Waliopewa maelezo peke yake ndio walioendelea kufanya vizuri. Waliopewa vyote viwili walifanana na wa alama tupu, kana kwamba hakuna aliyewaandikia neno. Nami nimeliona kwa macho yangu mara nyingi mno. Karatasi ikiwa na 14/20, mtoto huangalia 14, huchungulia ya jirani, kisha hukunja.

Niseme na hili, maana ni haki yako kulijua. Mimi mwenyewe niliwahi kuendesha mtihani wa kila wiki kwa miaka miwili, tukinunua karatasi zilizokwisha kuchapishwa. Wastani wetu ulipanda, wazazi wakafurahi, na mimi nikafurahi zaidi yao. Halafu muhula mmoja nikatunga karatasi kwa mkono wangu, mambo yale yale lakini nimebadilisha maneno na kuondoa majibu ya kuchagua. Watoto wengi waliokuwa juu wakashindwa hata kuanza. Walikuwa wameijua karatasi, hawakuwa wamelijua somo. Niliwaomba radhi walimu wangu katika kikao, kwa sababu wao walinionya na sikuwasikiza.

Walinionya kwa hesabu nyepesi. Chukua darasa la watoto 40 na karatasi 5 kila mmoja. Hizo ni karatasi 200. Mpe mwalimu dakika 3 kwa kila karatasi, ni dakika 600, yaani saa 10 za Jumamosi na Jumapili yake. Aliyesahihisha saa 10 hana nafasi ya kukaa na kujiuliza kwa nini watoto 17 wamekosa swali la nane. Ikifika Jumatatu amechoka kama mwanao alivyochoka. Maswali matano mafupi aliyoyatunga yeye, juu ya somo la juzi, yakasahihishwa pamoja darasani kabla ya kengele kulia, yangewafaa wote wawili zaidi ya rundo lile.

Nije kwenye kishikwambi.

Nchi yetu imekwisha kulijaribu jambo hili kwa gharama kubwa. Ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa 2013, na kuanzia 2016 vishikwambi vya serikali vikaanza kufika shuleni. Vyetu viliwasili katika maboksi mazuri. Tukavifungia kabatini nyuma ya nondo kwa hofu ya wezi. Mwalimu aliyepewa mafunzo ya kuvitumia alihamishwa baada ya muda mfupi. Kaskazi ilipopita, hewa ya chumvi ilikuwa imeshakula matundu ya kuchajia ya vingi kati yao. Tungeweza kupata chumba kikavu na walimu wawili watatu waliofunzwa, pengine ingekuwa vingine, lakini vifaa vilitangulia na watu wakaachwa nyuma. Nchini Peru waligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za vijijini. Watafiti walipolinganisha shule 319, zilizopata na zisizopata, hawakuona alama za hesabu wala za lugha kupanda kwa sababu ya kompyuta zile.

La karibu zaidi na sisi ni la Kisumu. Kulifanyika jaribio huko, matokeo yake yakachapishwa 2016. Shule zilipewa vitabu vya kusomea, miongozo ya walimu na maafisa wa kuwatembelea darasani. Juu ya hayo, kundi moja la shule likaongezewa vishikwambi kwa walimu, jingine vifaa vya kielektroniki vya kusomea kwa wanafunzi wenyewe, na jingine vishikwambi kwa wale maafisa pekee. Watoto wa makundi hayo waliwapita wa shule za kawaida katika kusoma. Lakini vifaa havikuongeza tofauti ya maana juu ya ile iliyoletwa na vitabu, miongozo na matembezi, na njia iliyoonyesha faida kubwa kwa shilingi iliyotumika ni ile ya kumpa kifaa afisa. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, ulikwenda na njia hiyo: mtoto na kitabu chake mkononi, afisa na kishikwambi chake, ameketi nyuma ya darasa akiandika anachokiona ili baada ya kipindi wazungumze na mwalimu. Kifaa kilikuwa kwa mtu wa kumsaidia mwalimu. Nalisisitiza kwa sababu shule nyingi zinazouza vishikwambi leo zimeanzia mwisho.

Sasa turudi kwa kosa letu la mbili ya tano. Programu nyingi za mazoezi zitamwambia mwanao "Jaribu tena". Majibu ni manne. Atagusa la pili, kengele ya kukosa. Atagusa la tatu, nyota zitamwagika na muziki utapigwa. Amepata! Alichojifunza ni kwamba jibu lilikuwa la tatu. Hakuna aliyemwuliza amefikaje, na laiti mashine ingemwuliza, isingejua habari za 27 kati ya 50.

Hata katika Kiswahili ni hivyo. Mtoto wa Mombasa huandika "baba yuwaja" na mashine humtia kosa, kama mtihani unavyomtia. Mwalimu mzuri hufanya zaidi. Humwambia kwamba hiyo ni lugha ya bibi yake, lugha ya Muyaka bin Haji aliyetunga hapa Mvita miaka 200 iliyopita, na kwamba karatasi ya mtihani inataka "anakuja" kwa sababu mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mtoto hutoka pale na lugha mbili mkononi, na hakuna aliyempokonya ile ya kwanza. Sijaona programu inayofanya hivyo, na linaniuma kila nikisahihisha insha za watoto wa Mji wa Kale wanaoogopa kuandika kama wanavyosema nyumbani.

Kifaa kina mahali pake, nami nimekitumia. Mtoto mwenye uoni hafifu anayeweza kuzikuza herufi mpaka azione, kwake kishikwambi ni mlango. Moyo unavyosukuma damu, ubao hautauonyesha kama picha inayotembea. Lakini matumizi bora kuliko yote niliyoyaona hayakugharimu mzazi hata ndururu. Mwalimu mmoja wa shule yangu alikuwa akitembea kati ya madawati na simu yake, akiona kosa lenye mafunzo hulipiga picha bila jina la mwenyewe, kisha hulirusha ukutani kwa projekta ya shule. "Huyu amefikiria nini hapa?" Watoto 60, kifaa kimoja, na kosa la mmoja likawafundisha wote. Stima ikikatika, aliliandika kwa chaki akaendelea.

Kuhusu zile programu za akili unde zinazoandika insha nzima kwa sekunde kumi, jibu langu ni fupi: Gredi ya 5 asizitumie kuandikia. Insha mbovu ya mtoto humwonyesha mwalimu pa kushika. Insha safi ya mashine haimwonyeshi chochote.

Na KPSEA inayowatia hofu? Tulizana kidogo. KCPE ya alama 500, ile iliyoamua mtoto aende shule gani, ilifanywa mara ya mwisho 2023. KPSEA ya Gredi ya 6 haimfungii mtoto mlango wa kuingia Gredi ya 7. Katika alama zinazotumika kumpangia sekondari ya juu, KPSEA ni asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 ni asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 ni asilimia 60. Mwanao ana miaka mbele yake. Atakayekuwa ameelewa sehemu atafika kule akiwa mwepesi kuliko aliyezoea kupaka rangi visanduku vya majibu Ijumaa 30 mfululizo.

Basi ufanye nini? Usianze ofisini. Omba kuonana na mwalimu wa hesabu, kwa adabu, siku ambayo hana vipindi vingi. Nenda na daftari la mwanao na karatasi tatu za Ijumaa. Usimwulize kwa nini alama ziko chini, maana swali hilo humfanya mwalimu ajitetee, na akijitetea hamtafika popote. Mwulize, "Mwalimu, katika haya aliyokosa, lipi lakusumbua wewe zaidi, na wiki iliyofuata mlilifanyaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Mwalimu anayemjua mtoto wako hatakosa la kusema. Atakuambia anachanganya hiki na kile, nilimkalisha na fulani, nimejaribu kwa chapati, bado. Hata kama hajafanikiwa, huyo ni wa kumshika kwa mikono miwili. Akikuambia "azidishe bidii" na hakuna jingine, umepata jibu lako.

Kwa mwalimu mkuu, nenda na maswali ya kishikwambi. Masomo yaliyomo yameidhinishwa na KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala? Kifaa kitalala wapi na kuchajiwa wapi, shuleni au nyumbani kwako? Intaneti ikikosekana kinafanya kazi? Mwalimu wa darasa amefundishwa kukitumia kwa muda gani, na anaona majibu ya kila mtoto au anaona jumla tu? Na taarifa za mwanao, jina, alama, picha, zinakwenda kwa nani? Hilo la mwisho usiogope kulishikilia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, na hiyo ni pamoja na orodha za alama zinazorushwa ovyo kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi.

Nyumbani, dakika 10 zinatosha, baada ya chakula, mtoto akiwa hajaanza kusinzia. Daftari lifungwe. Mwambie akufundishe walichosoma leo, kama wewe hujui kitu. Akikwama mwache akwame kidogo, asikimbilie kitabu, wala wewe usimpe jibu. Swali lako liwe moja tu: umefikaje hapo? Huhitaji kuijua hesabu yenyewe. Na babake mshirikishe, siku mbili tatu amsikilize yeye, naamini ataona kile unachokiona.

Kumhamisha katikati ya muhula sikushauri. Mtoto hupoteza wiki nyingi akitafuta rafiki na choo kiko wapi. Kama mwalimu wa hesabu ndiye yule wa kumshika kwa mikono miwili, baki, hata kama shule ina Ijumaa zake, na umwombe mwalimu aandike mstari mmoja wa maelezo kwenye karatasi badala ya neno la matarajio. Kama siye, tumia likizo kutembelea shule mbili tatu za karibu, za umma pia, na kote uliza kosa la mtoto huenda wapi.

Kuhusu zile 15,000, ningekuwa wewe nisingelipa sasa. Mwandikie mwalimu mkuu barua fupi ya heshima kwamba unangoja majibu ya maswali yako, na kwamba ungependa kwanza uketi nyuma ya darasa kipindi kimoja uone vishikwambi vikitumika. Mwalimu mkuu anayejiamini atakupa siku.